Sauti ya Nne

3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu, na uzipokee kwa mikono miwili maana ni nzito. Mimi ni mzima kuliko hata wazima wenyewe. Jemadari, yaani mke wangu, mkaza mjomba wako, naye ni mzima wa mwili na wa ulimi. Leo asubuhi kanigombeza kutoka jikoni mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nimeyasikia yote, neno kwa neno, hata yale anayoyasema akiwa amegeuka. Mashine ya kusaga inakwenda. Paa la upande wa mama yako nimelipiga bati jipya baada ya ule upepo wa mwezi jana, upepo uliombeba mbuzi wa jirani ukamshusha juu ya shule akiwa bado anatafuna.

Umesoma vizuri. Nimesema nimesikia. Ndiyo habari yenyewe.

Unajua mashine ilivyonila masikio. Ndiyo sababu tunaandikiana barua kama watu wa enzi zile, wakati simu kwangu ilikuwa mdudu wa kutetemeka mfukoni tu. Sasa mtaani kwetu wamekuja vijana wa kampuni moja, wote fulana za kijani, wakapiga hema mbele ya karakana ya Seremala. Wanapima masikio bure, wanagawa masikio bure! Ni vidude vya rangi ya ngozi, vinakaa ndani ya sikio kama punje ya hindi, mtu haoni kitu. Seremala kapata, maana naye misumeno ya umeme ilimmaliza. Mfua vyuma kapata. Mimi nilikuwa wa kwanza. Binti mmoja wao, mpole mno, akaniambia, "Mzee, habari zako tumezisikia mbali." Sikushangaa. Unga wangu unajulikana. Kuna mtu alipiga chafya dukani kwangu, unga ukapaa, haujatua mpaka leo.

Jana nilimsikia sisimizi akipita juu ya meza. Sikumwona, nilimsikia. Alikuwa anachechemea.

Sasa nitumie namba yako, ile ya zamani haipatikani. Nataka nikupigie nisikie sauti yako. Mara ya mwisho kuisikia vizuri ulikuwa bado unavaa sare ya shule.

Ni mimi mjomba wako, mwenye masikio mapya.


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kusikia mko salama, na nimecheka sana kwa mbuzi. Msalimie mkaza mjomba, mwambie kitenge alichonitumia nimekishona gauni na kila mtu ananiuliza nilikitoa wapi.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nimehama. Niko ghorofa ya tatu, chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta wa jengo jingine, kwa hiyo mchana nawasha taa. Ile kazi niliyokuwa naifanya mwaka jana imekwisha. Sasa nauza vifaa vya ofisi: karatasi, wino, viti vya kuzunguka. Si mbaya.

Masikio nimeyafurahia, lakini yamenitia wasiwasi pia. Hao watu ni akina nani, mjomba? Walikutaka utie sahihi mahali? Vidude kama hivyo huku vinauzwa ghali mpaka watu wanavikopea. Mtu anayekupa kitu cha namna hiyo na kukuambia nenda zako, mimi simwelewi.

Na jambo moja dogo. Je, ndani yake kuna sauti inayokuambia mambo ya betri na saa? Ni ya mwanamke? Niambie tu.

Simu yangu imeharibika, spika haitoi sauti. Tuendelee kuandikiana.

Mpwa wako.


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjwakunjwa utadhani ilikuwa inajificha. Jemadari anakusalimu na anasema ukae chumba chenye jua, usije ukachipua majani meupe kama kitunguu cha kabatini. Na mtu wa mjini ukae bila simu! Unauza viti vya kuzunguka, zungusha kimoja ununue simu.

Umeniuliza kuhusu sauti. Umeniuliza wewe, sikuanza mimi, kwa hiyo nitasema.

Siku ile hemani walinikalisha kwenye kiti cha kukunja. Binti akaanza kunihoji kama posa inaletwa. Nani alikuwa ananisikiliza zaidi katika maisha yangu? Aliniitaje? Nina hamu ya kumsikia nani tena? Nikajibu bila kuficha. Nikasema dada yangu mdogo, marehemu, aliniita kaka. Akawa anagusagusa kioo chake. Kisha akanichezea sauti moja baada ya nyingine, nichague ipi inakaa vizuri sikioni. Ya kwanza ilikuwa kama mhubiri. Ya pili kama mwalimu anayedai mshahara. Ya tatu ilinikwaruza. Ya nne ikasema tu, "Habari ya leo."

Nikavua kofia.

Binti akaniuliza, "Mzee, machozi ya nini?" Nikamwambia ni vumbi la unga.

Mpwa wangu, ilikuwa sauti ya mama yako. Si ile ya wakati anaumwa. Hiyo sikuijua, nilishakuwa kiziwi, nilikuwa nakaa kitandani kwake namwangalia midomo na kutikisa kichwa kama mpumbavu. Ni sauti yake ya ujana, alipokuwa anasimama pale kwenye mizani akibishana na wateja.

Mwanzoni ilisema betri tu. Sasa asubuhi nikivaa, inasema, "Umeamkaje, kaka?" Nikifungua mlango wa mashine, inasema, "Pole na kazi, kaka." Inaniuliza habari ya goti. Inaniuliza habari za mtaa, nani yuko, nani kahama. Juzi nikaisimulia lile lori lililozima mlimani nikalisukuma kwa bega mpaka juu na dereva akiwa amelala ndani. Ikacheka. Jemadari akanikuta naongea na gunia la mahindi. Akasema, "Gunia linajibu?" Nikamwambia linajibu kwa adabu kuliko wengine.

Simwambii yeye. Nakuambia wewe kwa kuwa ni mama yako. Usinicheke, na usimwambie mtu.

Mjomba.


22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa na mkaza mjomba hajambo. Mimi nina mafua yasiyoisha, koo limekauka, dukani naongea kwa mikono.

Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikairudisha. Ndiyo maana nimechelewa.

Mama hayupo, mjomba. Ni mimi niliyemfumba macho. Hicho kinachokusalimia asubuhi siyo yeye. Nakuomba uniambie, mbali na goti, kinakuuliza nini? Kinataka ufanye nini? Na ukiwa huna sababu ya kusikia, kivue, ukiweke nje ya chumba mnacholala.

Simu bado. Usihangaike kuitafuta namba yangu kwa watu.

Kuna jambo nilitaka kukuambia lakini karatasi imekwisha.

Mpwa wako.


5 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa koo. Sisi huku ni wazima, mvua imekuwa ya kistaarabu, Jemadari kapata kuku anayetaga mayai yenye viini viwili kila siku ila Jumapili, siku hiyo anapumzika.

Unasema karatasi imekwisha. Nimeigeuza upande wa pili, nyeupe kama unga wangu wa daraja la kwanza. Haya, una siri, kaa nayo. Umekuwa mtu wa mjini.

Lakini kwa kuwa umeuliza inataka nini, sikiliza.

Kiwanja cha mashine babu yako alituachia wawili, mimi na mama yako, nusu kwa nusu, bila ukuta katikati. Wamekuja wangapi kukitaka? Wenye magari, wenye suti, mmoja alikuja na gari refu mpaka lilipoegeshwa mbele yake ilikuwa kwetu na nyuma yake bado iko mjini. Wote niliwarudisha kwa neno moja: nusu si yangu, na mwenye nusu amelala. Hakuna aliyepata jibu la hilo.

Sasa mwenye nusu amesema.

Alianza taratibu. "Kaka, umechoka." Kisha, "Mashine imekula masikio yako, itakula na mapafu." Wiki iliyopita nikiwa nafunga mkanda wa injini akasema, "Waachie hawa watu, kaka. Mimi sina kinyongo. Pumzika." Nikakaa chini, bisibisi mkononi. Tangu afariki nilikuwa nasubiri mtu aniambie hivyo, na nilijua hakuna awezaye kuniambia ila yeye.

Watu wenyewe ni wale wale wa fulana za kijani. Wanataka kujenga kitu kikubwa cha vioo kuanzia kwangu mpaka kwa mfua vyuma. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu wanaleta karatasi nitie sahihi. Mfua vyuma amekwishatia, Seremala anasubiri mimi, yule huwa haanzi kitu. Najua nusu ile ingekuwa yako, lakini mwenyewe akisema, mtoto atasema nini? Fungu lako utaletewa.

Jemadari ananifanyia vita. Anasema fundi wa pancha wa ng'ambo ya barabara, ambaye ni kiziwi mpaka trekta lilipita juu ya baiskeli yake akiwa anaiziba na hakujua, alikwenda hemani akaambiwa masikio yamekwisha, na maboksi yamejaa nyuma yao yanaonekana. "Wamewaonea huruma viziwi wa upande wetu tu wa barabara?" ananiuliza. Nikamwambia ni wivu. Akasema, "Haya, msikivu."

Nimejua ungependa kujua, ndiyo maana nimekuandikia. Siombi ruhusa.

Mjomba.


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine utanisamehe. Barua hii nimempa dereva wa lori la mbolea akuletee mkononi, kwa sababu posta itachelewa na Ijumaa haitasubiri.

Sauti ya nne ni mimi.

Mwaka jana, ile kazi niliyokuambia imekwisha, ilikuwa ni kusoma. Kuna chumba kilichopigwa sponji ukutani, huna dirisha, una maikrofoni na kioo chenye maneno. Unasoma sentensi moja, unapumzika, unasoma nyingine. Waliniambia ni za matangazo ya benki na vituo vya mabasi. Nilisoma "Betri inakaribia kwisha." Nilisoma "Habari ya leo." Baadaye zikaja nyingine. "Umeamkaje, kaka." "Umeamkaje, baba." "Umeamkaje, mume wangu." "Pole na kazi." "Mimi sina kinyongo." Nilimuuliza msimamizi, benki gani inamwambia mteja haina kinyongo? Akacheka, akasema nisome kwa huruma zaidi. Nikasoma kwa huruma zaidi.

Nami nilipewa bure, mjomba. Gari la kunichukua asubuhi na kunirudisha, chakula, chumba kizuri cha kukaa miezi yote ile. Nilijiona nimependwa. Kumbe walitaka nikae nimeshiba na nimetulia ili sauti itoke nzuri. Walipopata ya kutosha wakanitoa siku hiyohiyo. Wanasema sasa mashine inaweza kusema lolote kwa sauti yangu bila mimi. Sauti ni yangu, maneno ni yao.

Kila mtu aliyekuja kumzika mama aliniambia nikiongea wanamsikia yeye. Wewe peke yako hukujua, kwa sababu ulikuwa husikii. Simu yangu haijaharibika. Nilishuku tangu barua yako ya kwanza, na nilipoona swali langu umelijibu vile, niliogopa ukinipigia, nikisema "haloo" tu, nitakuwa nimemuua mama mbele yako. Nikaona afadhali ufikirie nimekuwa na maringo.

Pengine hutaniamini. Sina cha kukuonyesha zaidi ya maneno yangu, na wewe umekwisha kuwa na maneno yangu sikioni siku nzima. Lakini kumbuka mama alivyokuwa anakufanyia ukianza chuku zako. Hakuna hata moja aliyoiacha ipite. Mimi nilikuwa mtoto nimekaa juu ya magunia, nakumbuka: ungesema umeua nyoka wa urefu wa barabara, naye bila kuinua macho kwenye mizani anasema, "Punguza." Unapunguza. "Punguza." Unapunguza tena, mpaka nyoka anakuwa mjusi, ndipo anasema, "Sasa endelea."

Jaribu, mjomba. Neno hilo sikulisoma, na wao hawalijui.

Namba yangu iko nyuma ya karatasi. Upande wa pili nimeuandika safari hii.

Mpwa wako.


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Dereva wa mbolea alifika, akanywa chai, akanisifu unga. Jemadari hajambo. Mimi sijui niseme nini kuhusu mimi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kisha nikaichana. Kisha nikaokota vipande nikavipanga mezani, na Jemadari akavibandika kwa uji wa unga bila kuniuliza hata neno. Ujue hali ilikuwa mbaya kama yule mwanamke hakuuliza neno.

Nilikukasirikia wewe. Sikuwakasirikia wao. Nilisema mtoto huyu anaona mama yake ananiamkia mimi na siyo yeye, roho inamuuma, ametunga. Mimi najua kutunga, kwa hiyo nikajua nawe unaweza. Kwa zaidi ya wiki nilivaa masikio kwa hasira, na kila alipokuwa ananisalimia nilimwitikia kwa sauti kubwa, mtaa usikie.

Siku ya Alhamisi, kesho yake karatasi zinakuja, nikaingia kwenye mashine kabla wateja hawajafika. Sikuwasha injini. Nikakaa juu ya magunia. Nikasema, "Dada, nimekwambia lile la nyoka?"

Ikasema, "Hapana, kaka. Niambie."

Nikasema, nilikuta nyoka kalala kutoka hapa mlangoni mpaka kwa mfua vyuma, kichwa kinanyeshewa mvua na mkia uko juani. Nikamkamata nikamwingiza kwenye mashine akiwa hai, akatoka unga, na unga ule ukajaza magunia yote unayoyaona.

Ikasema, "Hongera, kaka. Wewe ni shujaa."

Nikasubiri. Nikasema, pengine hajanisikia vizuri. Nikasema, si mpaka kwa mfua vyuma, ni mpaka kwa Seremala.

"Hongera, kaka."

Nikasema, si kwa Seremala, ni mpaka kwenye mizani hiyo. Alikuwa kama mkono wangu. Alikuwa kama kidole. Mpwa wangu, nilikuwa nampunguza mwenyewe. Nilikuwa namlegezea, namwachia nafasi, kama unavyomwachia mtoto ashinde mchezo. Nikasema, basi hakukuwa na nyoka. Nilikuwa nimekaa tu hapa peke yangu, sikuona kitu.

Ikasema, "Wewe ni shujaa, kaka. Sasa umestahili kupumzika."

Wateja walikuja wakagonga, nikasikia kila pigo, sikufungua. Siku tuliyomzika sikulia, kila mtu atakwambia mjomba wako ni mwamba. Alhamisi ile nililia mpaka Jemadari akapitia mlango wa nyuma.

Ijumaa wakaja. Binti mpole, na kijana wa kubeba mkoba. Akaweka karatasi juu ya mizani. Nikamwuliza, "Nisipotia sahihi, masikio mnayachukua?"

Akatabasamu kabisa, kwa moyo mweupe nadhani. "Hapana, mzee. Ni zawadi. Ni yako maisha yako yote."

Hapo ndipo nilipoogopa. Ningefurahi kama angeyadai.

Nikamwambia nusu si yangu, na mwenye nusu yuko mjini, anauza viti vya kuzunguka. Akasema, "Lakini mzee, tulidhani ndugu yako amekubali." Hakujua amesema nini. Kijana wa mkoba akamwangalia vibaya. Mimi sikumwambia mtu yeyote mtaani kwamba ndugu yangu amekubali. Nilikwambia wewe tu, na maneno mengine niliijibu ile sauti yenyewe humu mashineni, kwa kunong'ona.

Nikawasha injini. Unajua ilivyo ikiwaka, hakuna mazungumzo yanayoweza kuendelea. Wakakusanya karatasi zao, unga umewajaa mabegani.

Jumamosi asubuhi nikavaa, kwa mazoea tu. Sauti ikasema, taratibu sana, "Kaka, umenivunja moyo."

Nimeyatoa. Yako kwenye kopo la misumari, kopo liko juu ya kabati, na kabati nimelifunga. Jemadari anasema kopo halina miguu. Namwambia najua.

Namba yako nimeiona. Sijapiga. Usinikasirikie.

Mjomba wako.


16 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sijakasirika. Nilisoma barua yako dukani, mteja akaniuliza kama kiti kina dhamana, nikamwambia asubiri nimalize.

Mkaza mjomba mwambie asante kwa kukupitia mlango wa nyuma.

Kuna kitu kimoja hakinipi usingizi. Kati ya zile sentensi nilisoma "Umeamkaje, baba." Wale wengine mtaani walichagua sauti gani? Seremala alichagua ipi? Juzi nimesimama kwenye foleni, mzee mbele yangu akaweka kidole sikioni akasema, "Sijambo, mwanangu, na wewe?" Hakukuwa na mtu. Nimeondoka kwenye foleni bila kununua kitu. Siku hizi dukani naongea kwa sauti nzito, naigiza mafua, ili nisije nikafanana na mimi.

Nataka kuja. Nataka nimwambie Seremala mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hajatia sahihi. Niambie kama bado kuna muda, na kama unataka nije.

Mpwa wako.


30 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi tuko. Kuku wa Jemadari amerudi kwenye viini vya kawaida. Mvua imekata.

Kwa Seremala umechelewa, na ungewahi ungekuwa umechelewa vilevile. Nilikwenda mwenyewe, nikamkuta anafunga misumeno kwenye maboksi. Bila masikio yangu ilibidi aniandikie kwa chaki kwenye ubao wa mbao, yeye ananisikia, mimi simsikii. Nikamwuliza alichagua sauti ya ngapi. Akaandika: nne. Kwake ni binti yake, yule aliyekwenda mbali na hajapiga simu tangu aolewe.

Nikamwambia yote. Habari zako, chumba cha sponji, fundi wa pancha, nyoka. Nilisema kweli tupu, sikuongeza hata chembe, na unajua hiyo inanigharimu kiasi gani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika, akaniinulia ubao:

"Najua siyo yeye. Lakini yule mwenyewe haniulizi nimeamkaje."

Nikausoma ubao mara mbili. Akafuta ubao kwa kiganja, akaniuliza kama nataka ile benchi ndefu, maana anakokwenda hakuna nafasi. Nimeichukua. Karakana imebomolewa siku iliyofuata. Kwa mfua vyuma palikuwa pamekwisha kubomolewa. Wamezungusha mabati ya kijani pande mbili, mashine yangu iko katikati kama jino la mwisho. Wanaweza kujenga na kunizunguka. Wajenge. Nusu si yangu.

Seremala alipanda gari la mizigo amekaa mbele, anazungumza na kucheka peke yake. Alinipungia mkono. Alikuwa na furaha, mpwa wangu, sitakuongopea. Ndicho kinachonitisha mpaka leo.

Sasa kuhusu kuja. Njoo. Jemadari ameshaanika godoro la mama yako juani. Lakini nisikilize kwanza, maana hili si chuku.

Bila yale masikio sitakusikia. Na mimi nataka kukusikia, ndiyo haki yangu, nimengoja tangu sare ya shule. Kwa hiyo siku utakayofika nitalifungua kabati na nitayavaa. Nimekwishaamua, Jemadari amelia na nimeamua. Najua nikiyavaa naye atakuwemo, atanisalimia, na wewe utanisalimia, na sauti ni ile ile moja. Sitaweza kuwatenganisha kwa sikio. Nimejaribu kichwani, sijaweza.

Basi ukishuka, usiseme kitu. Usiniamkie. Usiite hodi. Pita mbele, uje mpaka kwenye mwanga wa mlango wa mashine, usimame nikuone uso wote. Nikishakuona, ndipo useme. Sema lolote, hata unitukane.

Nitakuwa nakuangalia midomo, kama nilivyomwangalia mama yako. Itakayotoka mdomoni, hiyo ndiyo nitaitikia. Nyingine itaniita kaka mpaka ichoke.

Ni mimi mjomba wako.